Alenki za milimita: kuchagua, kushika, na kufungua bila kuua boliti

Boliti za tundu la pembe sita ninazoletewa zikiwa zimelika, chache tu zimeliwa na kutu. Nyingi zimeuawa na mtu mwenye alenki, ile fimbo ya chuma yenye pembe sita iliyopindwa kama herufi L, iliyokaribia kutosha. Ikaingia, ikacheza kidogo, akasema "hii itafungua tu", akaweka nguvu, na pembe sita zikageuka duara. Ndiyo maana kijana anayekuja kwangu kujifunza haanzi kwa kufungua kitu. Nampa seti na boliti zimejaa mkebe, nami namwambia aingize na kutoa tu, mpaka vidole vijue alenki iliyokaa ikoje na iliyoingia tu ikoje. Anachoka, ananuna. Lakini akishalijua hilo, yaliyobaki hayamsumbui.

Seti ya kawaida ina 1.5, 2, 2.5, 3, 4, 5, 6, 8 na 10. Kwa nyumbani hizo zinatosha. Kwenye magari ongeza ya 7, kwa sababu kuna pini za breki zinazotumia saizi hiyo na seti nyingi hazina. Mtu akiikosa anaingiza 6 na kuanza kubahatisha, na pini ya breki si mahali pa kubahatisha.

Namba iliyogongwa kwenye alenki ni upana kati ya pande bapa mbili zinazotazamana. Haihusiani moja kwa moja na unene wa boliti, na hapa ndipo wengi wanapotea: wanasikia boliti ni M6, yaani sehemu yake yenye uzi ina unene wa milimita 6, wanachukua alenki ya 6, haiingii, wanadhani boliti ni mbovu. Kinachoamua ni umbo la kichwa. Boliti yenye kichwa kirefu cha silinda ikiwa M4 hutumia alenki ya 3, M5 ya 4, M6 ya 5, M8 ya 6, M10 ya 8, M12 ya 10. Kichwa kifupi kilichobinuka, au kile bapa kinachozama usawa na kifaa, hushuka: M4 ni 2.5, M5 ni 3, M6 ni 4, M8 ni 5. Halafu kuna skrubu zisizo na kichwa kabisa, zile zinazozama zote ndani ya tundu kushikilia puli kwenye shafti au mpini wa kitasa kwenye mhimili wake. Hizo zinashuka zaidi: M3 ni 1.5, M4 ni 2, M5 ni 2.5, M6 ni 3, M8 ni 4.

Kwa hiyo M6 ileile inaweza kukutaka 5, 4 au 3. Soma hilo kama onyo pia. Uzi ni uleule, lakini tundu la kichwa kilichobinuka ni dogo na halina kina, hivyo halitavumilia nguvu ambayo kichwa kirefu kingeivumilia. Ukiona vichwa hivyo vifupi, punguza ujeuri.

Ukijaribu saizi moja ikacheza na inayofuata ikakataa kuingia, usilazimishe yoyote. Huenda boliti ni ya inchi. Baadhi ya saizi za inchi zinakaribiana sana na zetu: 5/32 ni milimita 3.97, na 5/16 ni 7.94, kwa hiyo 4 na 8 hubadilishana nazo na mara nyingi hutagundua. Tatizo ni zile zinazodanganya. 3/16 ni 4.76: inaingia kwenye tundu la 5, inashika kidogo, halafu inateleza. Tundu la 1/4 ni 6.35, na alenki yako ya 6 italilamba pembe zote. Ukiwa na tochi, chungulia ndani kabla hujaingiza chochote, maana kuna na matundu ya nyota. Yana ncha sita vilevile, lakini kuta zake zimejipinda badala ya kunyooka. Watu huyafungua kwa alenki kila siku, na kila siku yanaharibika.

Wakati wa kununua, usitazame rangi ya mpini wala idadi ya vipande. Tazama ncha. Iwe imekatwa wima, kingo zake zikikwaruza ukucha. Ncha iliyochongwa mviringo kwa ajili ya urembo imepoteza milimita nzima ya kushika, na kwenye tundu fupi hiyo milimita ndiyo mali yenyewe. Kama una kipimo cha vernia, alenki ya 5 isizidi 5.00 na isipungue sana chini ya 4.95. Ikisoma 4.8, iache hapohapo dukani. Chuma cha kromu na vanadi kinafaa kazi nyingi. Kile kinachoandikwa S2 ni kigumu zaidi na hakiliki upesi, ila kikizidiwa huvunjika ghafla bila kupinda kwanza kukuonya, kwa hiyo kwenye saizi ndogo linda macho. Zile alenki zinazokuja bure ndani ya boksi la kabati au meza ni chuma laini. Fungia fanicha hiyo, kisha zitumie kukorogea rangi.

Alenki zenye kichwa cha duara kwenye mguu mrefu nazipenda kwa kuzungusha, maana unaweza kuinamisha hadi kama nyuzi 25 na kufikia boliti iliyojificha nyuma ya bomba. Lakini shingo yake ni nyembamba. Boliti iliyokazwa haifunguliwi kwa upande huo, itakatikia ndani na kukuachia kazi ya siku nzima. Zile zinazokunjwa kama kisu zinafaa safarini na kwenye baiskeli. Kwenye kona nyembamba mpini wake haupiti.

Sasa kushika. Safisha tundu kwanza kwa msumari mwembamba au sindano nene. Rangi, udongo na grisi iliyokauka hujaa chini, alenki inakaa juu juu, na wewe unaamini imefika. Ingiza mguu mfupi mpaka uusikie umegusa chini. Ukisita, igonge taratibu kwa nyundo ndogo. Kiganja kimoja kikandamize kiwiko cha alenki, sambamba na boliti, ili isipande. Mkono wa pili uvute ncha ya mguu mrefu. Kabla ya kulegeza, kaza kidogo sana, kiasi cha unywele, kisha geuza kinyume cha saa. Boliti iliyokuwa imeshika hutoa mlio mkavu, "tak", halafu inakuwa laini. Ukisikia badala yake kitu kinasagika, acha. Hiyo si boliti inayoachia, ni tundu linaloliwa. Ikishaachia, geuza alenki, mguu mrefu ndani, na uizungushe kwa vidole.

Usiongeze bomba kwenye mguu mrefu. Urefu wa alenki umepangwa kwa makusudi. Ya 4 ya kawaida ina mguu wa kama sentimita 7. Mvuto wa mkono wa kilo 8 hivi kwenye urefu huo unatoa kama Nm 5.5 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ambayo ndiyo karibu na inayotakiwa na boliti ya M5 ya daraja la uimara la 8.8. Ukivisha bomba la sentimita 20, mkono uleule unatoa karibu mara tatu, na kitu cha kwanza kusalimu amri ni uzi au ncha. Kwenye baiskeli angalia karibu na boliti za usukani na nguzo ya kiti: mara nyingi namba ya Nm imeandikwa palepale kwenye kifaa. Iheshimu, hasa kama ni alumini au kaboni.

Baiskeli karibu yote inamalizwa na 4, 5 na 6. Pedeli nyingi hufunguliwa kwa nyuma ya mkono wa pedeli kwa 6 au 8, na pedeli ya kushoto uzi wake umegeuzwa: kwa hiyo hulegea kwa kufuata mwendo wa saa, ukiitazama kutoka upande wa pedeli. Ukiwa nyuma ya mkono unaitazama kinyume, basi fikiri kwanza, zungusha baadaye. Paka grisi kwenye uzi unaporudisha, maana chuma kisichoshika kutu kikilala muda mrefu ndani ya alumini vinang'ang'aniana.

Fanicha ya boksi mara nyingi ni 4. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza, zikae nusu, simamisha kitu chote kwenye sakafu iliyonyooka, ndipo ukaze. Anayekaza moja moja mpaka mwisho hufika boliti ya nne na kukuta matundu hayakutani. Na ubao uliobanwa wa unga wa mbao si chuma: ukihisi imeshika, acha.

Mpini wa kitasa unaotaka kuutoa una skrubu isiyo na kichwa upande wa chini, ambako jicho halifiki. Piga tochi kutoka chini, jaribu 2, 2.5 na 3 kwa mpangilio, na ukipata legeza mizunguko michache tu. Usiitoe, itadondoka na hutaiona tena. Mkono wa bomba la maji ni vilevile: bandua kifuniko kidogo chenye alama nyekundu na bluu, skrubu iko nyuma yake.

Tundu likishalika, usikimbilie keekee. Mimina mafuta ya kupenyeza, subiri mpaka yafanye kazi. Kama ilifungwa kwa gundi ya uzi, ipashe moto kwanza, kabla ya kumimina mafuta hayo, isipokuwa palipo na plastiki, raba au mafuta karibu. Chukua biti ya nyota kubwa kidogo kuliko tundu, igonge kwa nyundo mpaka ikae imara, kisha zungusha polepole kwa mpini mrefu. Hii peke yake hunimalizia kazi nyingi. Kichwa kirefu unaweza kukibana kwa koleo la kufunga. Kichwa kilichobinuka unaweza kukikata mfereji kwa msumeno wa chuma na kutumia bisibisi bapa. Keekee ni ya mwisho, na boliti iliyofika hapo inatupwa hata kama imetoka nzima.

Alenki zenyewe pia huchoka. Ichukue ile unayoitumia sana, iweke kwenye mwanga, izungushe: kingo zilizochakaa zinang'aa kwa mstari mpana badala ya mwembamba. Kata milimita chache za ncha kwa jiwe la kunolea, wima kabisa, ukiichovya kwenye maji kila mara. Ncha ikigeuka bluu umeiunguza na ugumu umeondoka, kata tena upite hapo. Ya 1.5 na ya 2 usihangaike kuzinoa, ni nyembamba mno na hupotea kabla ya nyingine zote. Nunua za akiba mbili mbili unaponunua seti.