Mafuta Ndani ya Mfumo wa Gesi ya Mtungi: Kuyatambua, Kuyaondoa na Kuyazuia

Ukiichana regulata, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi kabla haijafika jikoni, iliyokufa kabla ya wakati wake, mara nyingi hutakuta vumbi wala kutu ndani yake. Mwezi Julai nilichana moja niliyokuwa nimeitoa kazini kwenye hosteli ya Ipagala, hapa Dodoma, nikakuta kiwambo chake cha mpira kimelowa mafuta ya manjano, mazito kuliko ya alizeti, yenye harufu ya gesi lakini kali mno. Wenye hosteli walikuwa wameshabadilisha majiko mawili wakidhani ndiyo mabovu.

Mafuta hayo yana vyanzo viwili. Cha kwanza ni gesi yenyewe. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na hata ile safi hubeba chembechembe nzito zisizogeuka mvuke kwa urahisi. Viwango vinavyotumika sana duniani huruhusu masalia yasiyozidi mililita 0.05 katika kila mililita 100 za gesi ya kimiminika. Mtungi wa kilo 15 huwa na takribani lita 27 za kimiminika, kwa hiyo gesi iliyo ndani kabisa ya kiwango inaweza kuacha karibu mililita 14, yaani kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Masalia hayo hubaki chini ya mtungi, pamoja na sehemu ya kitia harufu, yaani kemikali inayotiwa ili gesi inuke, na ndiyo maana mtungi unaokaribia kuisha hunuka zaidi.

Chanzo cha pili ndicho wengi hawakitilii maanani, nacho ni mpira unaounganisha mtungi na regulata. Mpira huo hulainishwa kiwandani kwa kemikali za mafuta, na gesi ikiwa kimiminika huziyeyusha kemikali hizo na kuzichota. Shika mpira mpya ujikunje mkononi, kisha shika uliotumika miaka kadhaa: ule wa zamani ni mgumu, na ukiukunja unaonyesha nyufa ndogondogo. Ulaini wake umeshahamia kwenye regulata.

Mtu anaweza kuuliza kimiminika kinafikaje kwenye mpira ilhali mtungi umesimama wima na kinachotoka juu ni mvuke. Jibu liko kwenye tofauti ya joto, na Dodoma tunayo ya kutosha. Katika miezi ya Juni na Julai mtungi uliopigwa na jua la mchana ukutani huendelea kuwa na joto baada ya magharibi, wakati mpira mwembamba ulio juu yake umeshapoa kwa upepo. Mvuke wenye shinikizo la mtungi ukifika kwenye mpira uliopoa hugeuka tena kimiminika, huchota mafuta ya mpira, kisha huteremka hadi mahali palipo chini zaidi. Ikiwa mahali hapo ni regulata, kimiminika hugeuka mvuke humo na kuyaacha mafuta. Usiku unaofuata hali hiyo hujirudia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa chochote, tambua una mfumo wa namna gani. Nyumbani, ambako regulata hubanwa moja kwa moja kwenye kichwa cha mtungi, mpira uko upande wa shinikizo dogo, takribani milibari 30, na katika hali ya hewa yetu gesi haiwezi kugeuka kimiminika humo. Mafuta yakionekana hapo, mshuku mtungi na jinsi ulivyobebwa. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake hauna mpira kabisa. Wanaopaswa kuwa macho ni wenye mitungi kadhaa iliyounganishwa kwa mipira mifupi hadi regulata moja ya ukutani, kama hosteli, shule na migahawa. Mifumo hiyo imeongezeka tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipoelekezwa kuacha kuni na mkaa. Wengine ni wenye karavani, kwa maana ya nyumba zinazokokotwa na gari, si misafara ya pembe iliyokuwa ikikatiza Ugogo. Huko Uingereza tatizo hili liliwasumbua sana wenye karavani katika miaka ya 2000, baada ya regulata kuhamishwa kutoka kichwani mwa mtungi na kufungwa kwenye ukuta wa gari, jambo lililouacha mpira ukibeba shinikizo lote la mtungi. Anayepita Dodoma na trela la kambi kuelekea Ruaha ana mfumo wa aina hiyo hiyo.

Dalili za mafuta ni moto unaofifia ingawa mtungi umejaa, moto unaopanda na kushuka kama unaohema, na moto wa njano unaotia sufuria masizi. Hata hivyo, moto wa njano peke yake si ushahidi, kwa sababu vumbi la kiangazi huziba tundu la hewa la jiko na kuleta matokeo yale yale. Ili kutofautisha, funga valvu ya mtungi, washa jiko hadi moto uzimike wenyewe, kisha zima vyanzo vyote vya moto, fungua milango na madirisha, na ufungue mpira upande wa jiko. Ingiza kitambaa cheupe mdomoni mwake. Kikitoka na unga mkavu wa kahawia, safisha jiko na usihangaike zaidi. Kikitoka na doa linalong'aa na kunata, lisilokauka hata baada ya saa moja, hayo ni mafuta.

Hapo usianze kuosha regulata. Watu huilowesha kwenye petroli, huikausha juani na kuirudisha, na mimi siwaungi mkono hata kidogo. Petroli huvimbisha kiwambo, na regulata iliyoharibika si lazima izibe. Inaweza pia kukwama ikiwa wazi na kupitisha shinikizo la bari kadhaa (bari moja ni milibari 1,000) hadi kwenye jiko lililotengenezwa kwa milibari 30. Regulata iliyoingia mafuta hubadilishwa, pamoja na mpira ulio kabla yake, kwa wakati mmoja. Ukibadilisha regulata na kuacha mpira, utairudia kazi.

Bomba la shaba linaweza kuokolewa. Fundi ataondoa regulata iliyo mwanzoni mwa bomba na vifaa vyote vilivyo mwishoni mwake, kisha atapuliza naitrojeni au hewa kavu kutoka upande wa juu kwenda wa chini hadi kitambaa kilichowekwa mdomoni kitoke kikavu. Oksijeni isitumike kamwe, kwani ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Nozeli za jiko, yaani vitundu vinavyotoa gesi, unaweza kuzisafisha mwenyewe kwa maji ya moto yenye sabuni. Usizichokonoe kwa sindano, maana tundu likipanuka moto hautarudi sawa.

Katika kufunga upya, jambo kubwa ni mwinuko. Regulata iwe juu kuliko kichwa cha mtungi, na mpira uwe mfupi, ukiteremka moja kwa moja kutoka regulata hadi mtungini bila tumbo katikati, ili kimiminika kikitokea kirudi kilikotoka. Mpira wa chuma cha pua hauna kemikali za kuchotwa, na kwa mfumo wa mitungi mingi naona gharama yake inalipa. Mitungi iwekwe kivulini, penye hewa, mbali na ukuta wa magharibi.

Mtungi unaoletwa na bodaboda ukiwa umelazwa ni tatizo la peke yake. Usimamishe, uache utulie walau nusu saa kabla ya kuunganisha, na usiulaze hata kama gesi inaelekea kuisha na wageni wameshafika. Upime pia kwenye mizani wakati wa kununua: uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake, na uliozidi uzito huo pamoja na ule wa gesi umejazwa kupita kiasi, hivyo unaweza kusukuma kimiminika nje. Masalia ya chini ya mtungi usiyamwage mwenyewe. Urudishe kwa wakala ukiwa umefungwa.

Kazi ikiisha, pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo, kisha mwombe fundi apime kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji. Jiko likiwaka, tofauti ya kina cha maji kati ya pande mbili iwe karibu sentimita 30, ambazo ni sawa na milibari 30. Jiko likizimwa, maji yatapanda kidogo na kusimama. Yakiendelea kupanda polepole, regulata haifungi, hata kama imetoka dukani asubuhi hiyo, na inapaswa kurudishwa.