Somo: Kuchagua deki yako ya kwanza ya CD

Kabla hujaenda dukani, geuza amplifaya yako uitazame mgongoni. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua deki nzuri, wakifika nyumbani hawajui waichomeke wapi.

Hatua ya 1: Matundu ya nyuma. Tafuta jozi ya matundu ya duara, jekundu la kulia na jeupe la kushoto, yameandikwa CD, AUX au LINE. Ukiyaona, karibu deki yoyote itakufaa. Palipoandikwa PHONO usipaguse. Hapo ni pa santuri. Sindano ya santuri hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo saketi ile huukuza umeme huo mara nyingi sana na kuongeza besi juu yake. Deki ya CD hutoa takribani volti 2. Ukiichomeka hapo, sauti itatoka nzito na imepasuka, na spika zako zinaweza kuumia.

Hatua ya 2: Usibabaishwe na namba. Tangu CD zianze kuuzwa mwaka 1982, kilichomo ndani yake ni kilekile: sampuli (yaani vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16. Boksi linalojisifia biti 24 haliongezi kitu ambacho diski haina. Ukiwa na bajeti ndogo, weka pesa kwenye deki inayosoma diski bila kukwama, zinazobaki ziende kwenye spika. Tofauti ya spika utaisikia siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Ijaribu, hasa kama ni ya mtumba. Hapa ndipo penye kazi. Nenda na CD yako mwenyewe, ndefu, ya zaidi ya dakika 70. CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje: mwanzoni huzunguka kama mara 500 kwa dakika, ikifika ukingoni imeshuka hadi kama 200. Huko ukingoni ndiko diski iliyopinda kidogo huyumba zaidi, na leza iliyochoka hushindwa kuifuata. Basi ruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho, usikilize mpaka uishe. Deki yangu ya kwanza niliinunua kwa kusikiliza wimbo wa kwanza tu. Nyumbani, kuanzia wimbo wa tisa, ikawa inarukaruka, na muuzaji hakutaka kunisikia.

Fungua na ufunge droo mara kadhaa. Ikisitasita, mara nyingi ni mkanda wa mpira umelegea, na huo hubadilishwa. Leza iliyochoka ni habari nyingine: kwa deki za zamani kuipata ni shida, hivyo iache. Ulizia rimoti pia, maana kuna deki ambazo vitufe vyake vingine viko kwenye rimoti peke yake.

Hatua ya 4: Njia ya dijitali. Tundu la optiki (hutoa sauti ya dijitali kwa mwanga) au koaksia (kwa waya) ni zuri kuwa nalo, lakini lisikucheleweshe kununua.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Deki yangu inapiga CD za dukani, ila nilizochoma mwenyewe inazikataa.*

Marahaba. CD-R hurudisha mwanga kidogo kuliko CD ya kiwandani, na CD-RW (ile inayofutika na kuchomwa upya) hurudisha mdogo hata kuliko CD-R, ndiyo maana deki nyingi za zamani haziioni kabisa. Tumia CD-R, chagua kuchoma CD ya sauti badala ya kunakili mafaili ya MP3, na hakikisha programu imeifunga diski mwishoni (finalize).

*CD naifutaje isipate mikwaruzo?*

Kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Deki inaweza kurekebisha pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia ya wimbo. Mkwaruzo unaokatiza njia ni pengo fupi, unaofuata njia ni pengo refu. Na uuchunge sana upande wenye maandishi. Tabaka linaloakisi mwanga liko chini yake tu, likichunika halirudi.

*Deki ya DVD niliyonayo haitoshi?*

Kupiga CD inapiga. Ila nyingi hazina kioo cha kuonyesha wimbo, utalazimika kuwasha runinga. Kama hilo halikukeri, anza nayo.

*Mwalimu, nimenunua ya mtumba, imefungwa vizuri kabisa kwenye boksi lake. Inawaka lakini haisomi diski yoyote. Nimeibiwa?*

Usikate tamaa bado. Chomoa waya wa umeme, igeuze taratibu, uangalie chini yake. Baadhi ya deki zina skrubu ya kusafirishia inayoshika sehemu ya leza isicheze njiani, mara nyingi ina rangi tofauti au karatasi pembeni. Ifungue, ihifadhi, kisha ujaribu tena.