Kurekodi albamu ya gitaa kavu ukiwa peke yako: wewe ndo solo, wewe ndo ridhimu, wewe ndo besi

Kabla hujanunua hata waya mmoja jibu kwanza hili swali: albamu yako ni ya gitaa moja, yaani unakaa kwenye kiti unapiga mwanzo mpaka mwisho na kilichotoka ndo hicho, au ni bendi nzima ambayo wanamuziki wote ni wewe, unaweka ridhimu, unarudi unaweka besi, unarudi tena unaweka solo? Wengi wanaanza bila kuamua, wanajikuta wimbo mmoja una magitaa matano, unaofuata lipo moja tu, na albamu inakuwa ya kuokoteza. Zote mbili ni sawa, ila kazi zake hazifanani hata kidogo na karibu kila kitu huku chini kinategemea umechagua ipi.

Kama ni gitaa moja, shule iko jirani tu. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa kabila la Bayeke, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, Katanga, Kongo. Gitaa moja, vidole viwili: gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinachambua melodi kwenye nyuzi nyembamba, na mtu asiyejua anaapa kabisa kwamba wako wawili. Sasa wewe anza na gumba peke yake kwenye zile nyuzi nene, lipige bila kusimama mpaka uweze kupiga stori na mtu huku linaendelea lenyewe, ndo umwite shahada. Usiharakishe hapa maana kwenye gitaa moja hakuna ngoma wala mtu wa besi wa kukuficha, gumba likisita nusu sekunde hata jirani anajua. Na klik, ule mlio wa "tik tik" unaoshika spidi kwenye hedfoni, usiiweke. Isikilize kidogo upate spidi, izime, piga. Wimbo wa mtu mmoja unaruhusiwa kupumua, ukikimbia kidogo kwenye kiitikio na kutulia kwenye beti hakuna atakayelalamika.

Kwenye bendi ya mtu mmoja ni kinyume chake, klik ni lazima, kwa sababu wewe wa saa tano humuoni wewe wa saa nne na hamwezi kukonyezana. Rekodi ridhimu kwanza, safi kabisa, usiseme solo itafunika, haifuniki. Halafu kuna mtego mmoja ambao naona unaua rekodi nyingi za hivi: mkono ni uleule, gitaa lilelile, kodi zilezile sehemu ileile ya shingo, ukiweka treki tatu, yaani rekodi tatu juu ya wimbo mmoja, zinalaliana na unapata uji mzito usioeleweka. Dawa ni kumtenganisha kila "mwanamuziki" kwa nguvu. Kama ridhimu iko C bila kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo), gitaa la pili liwekee kapo freti ya 5 na upige kwa maumbo ya G, bado ni C ileile lakini inatoka juu na inang'aa. Au kama una gitaa la ziada toa zile nyuzi nne nene, E, A, D na G, weka nyuzi nyembamba za kwenye seti ya gitaa la nyuzi 12, noti zinabaki zilezile ila oktavu moja juu, Wamarekani wanaita tyuningi ya Nashville na ukiisikia pembeni ya ridhimu ya kawaida utaelewa kwa nini wanaipenda. Besi kama huna, piga kwenye gitaa lako noti moja moja halafu ishushe oktavu moja ndani ya programu, sio besi kamili ila inakaa. Mkono wa kulia nao ubadilishe, ridhimu kwa piki, solo kwa nyama ya kidole karibu na shingo, treki nyingine karibu na daraja ambako sauti inakuwa kali. Mdundo? Chupa ya Fanta. Zile za zamani zenye mistari ndo zilikuwa zinakwaruzwa kwenye rekodi za magitaa makavu ya Kenya miaka ya 50 na 60, na mpaka leo sijasikia programu ya ngoma inayokaa vizuri na gitaa kavu kuliko hiyo chupa.

Haya, kurekodi kwenyewe. Maiki moja ya kondensa inatosha, saundi kadi ya USB yenye ule umeme wa volti 48 unaoendesha maiki ya aina hiyo, na hedfoni za kufunika masikio, za wazi zinavujisha klik inaingia kwenye maiki. Programu tumia yoyote, Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, Audacity ni bure. Maiki usiielekeze kwenye tundu la gitaa, kila mtu anaanza hapo na kila mtu anapata mngurumo. Ielekeze pale freti ya 12, umbali wa sentimita 20 mpaka 30, halafu vaa hedfoni, piga kodi moja taratibu huku mwenyewe unasogea: ukigeuza gitaa tundu likaribie maiki unasikia tumbo linajaa, ukirudi upande wa shingo unasikia kucha na waya. Simama pale ambapo vyote viwili vipo. Weka alama ya chokaa kwenye sakafu, miguu ya kiti na ya stendi, maana kesho ukikaa tofauti wimbo ule ule utakuwa na magitaa mawili tofauti.

Levo acha peaki, zile sehemu za sauti kubwa kabisa, zicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya programu, rekodi kwa biti 24, hakuna haja ya kusukuma. Nyuzi mpya funga jana yake zivutike zitulie, na tyuni kabla ya kila teki, yaani kila unapoupiga wimbo upya kuurekodi, hata kama unaona iko sawa.

Kelele ndo ugomvi wa kweli. Zima feni, chomoa friji (weka ufunguo wa nyumba juu ya friji usisahau kuiwasha), paa la bati mvua ikinyesha kalale tu. Saa saba usiku bodaboda zimepungua na jogoo bado, hiyo ndo studio yako. Godoro nyuma yako, kabati la nguo wazi mbele. Vua saa, vua shati lenye vifungo, na usirekodi kwenye kiti kinacholia.

Teki tatu nne kwa wimbo, ukipita hapo unachoka na unaanza kupiga kwa hasira. Usichague usiku huohuo, na kwa sababu huna prodyuza mtafute mtu mmoja asiyekuogopa, mpe teki bila kumwambia ipi unaipenda.

Kwenye miksi ridhimu kushoto, gitaa la kapo kulia, solo na besi katikati. Ukitaka ridhimu nene ipige mara mbili kweli, kukopi na kupesti hakunenepeshi kitu. Mikwaruzo ya vidole kwenye waya punguza usiifute yote. Masta, yaani faili la mwisho la wimbo, usiikandamize ili isikike kubwa, Spotify kwa kawaida inaisawazisha karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa hiyo unajiumiza bure.

Pangilia nyimbo zisifuatane kwenye ki (key) kimoja, G nane mfululizo zinalaza watu. Sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kama uko Tanzania, KECOBO kama uko Kenya, kabla hujaitupa mtandaoni. Na kwenye daftari andika kila wimbo kapo ilikuwa freti ya ngapi na tyuningi gani, kwa sababu siku ukiitwa kupiga laivu wale wenzako wa kwenye treki hawatakuja.