Kabla hujaleta koli wawili Mtwara, maana hawatabaki wawili

Mbwa aina ya koli alitengenezwa na vitu viwili, baridi na kondoo. Asili yake ni vilima vya Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, ambako mchungaji hushinda na kundi huku upepo ukimuuma masikio. Mtwara baridi hatuna, na kondoo ukimwona ni mmoja mmoja, kafungwa kamba pembeni ya uwanja. Kwa hiyo kabla mbwa hajashuka kwenye gari, uwe umeshapata cha kuziba mapengo hayo mawili. Mimi nilianza kutafuta wameshashuka, dume na jike, walioachwa na mtu aliyemaliza mkataba wa kazi akarudi kwao. Miezi minane baadaye nyumbani walikuwa saba.

Anza kwa kujua unaletewa koli yupi. Wapo wa manyoya marefu na pua iliyochongoka, na wapo ndugu zao wa manyoya mafupi. Hao hufika kilo 20 hadi 34. Halafu kuna koli wa mpakani, mdogo zaidi, ambaye ukoo wake hurudishwa kwa dume mmoja aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893, akiitwa Old Hemp. Wa mpakani ana akili ya kumchosha mwenye nyumba, na wa manyoya marefu ana manyoya ya kumchosha yeye mwenyewe. Wangu ni wa manyoya marefu. Ningepewa nafasi ya kuchagua, kwa pwani hii ningechukua wa manyoya mafupi.

Banda lijengwe kabla, na lisiezekwe bati. Bati la mwezi wa kumi na moja, jua likiwa utosini na mvua bado haijaanza, linageuza banda kuwa tanuri. Makuti yanatosha, kuta za fito zenye nafasi, na mlango uelekee kusini ili upepo wa kusi ukivuma uingie wenyewe. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Hewa ya hapa imejaa unyevu wa bahari, kuhema huko hakumsaidii sana, ndiyo maana nyuzi 31 za Mtwara humtesa kuliko nyuzi hizohizo mahali pakavu. Chini nimemtandikia magunia ya juti, yale ya korosho. Saa sita mchana naloweka moja, nalikamua kidogo, nalitandaza kwenye sakafu ya saruji. Jike anasikia maji yakichuruzika tu, keshasimama mlangoni kusubiri, na likishatandazwa anajibwaga kwa tumbo, miguu ya nyuma kaitandaza kama chura.

Watu watakushauri umnyoe. Usimnyoe. Manyoya ya koli ni ya tabaka mbili, na lile la juu humkinga na jua. Kinachotakiwa ni kuchana manyoya laini ya ndani yanayojifunga mafundo, kila baada ya siku mbili au tatu, na kuyapunguza tumboni ukipenda. Nunua chanuo la meno marefu mapema. Mimi nilianza na kitana cha mke wangu na nikasikia maneno yake. Matembezi yawe saa kumi na mbili asubuhi na baada ya jua kuzama. Joto la mwili wa mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39, likivuka 41 maisha yake yako hatarini. Ukimwona anahema kwa kelele, ulimi umekuwa mwekundu sana na anayumba, mmwagie maji mwili mzima hapohapo, mpepee, ndipo utafute usafiri wa kumpeleka kwa daktari.

Hilo la baridi ndilo jepesi. La kondoo ndilo litakalokukosanisha na mtaa.

Wiki ya kwanza nilitoka kupokea mzigo, niliporudi nikakuta kuku wa bibi wa jirani, kumi na mmoja na jogoo wao, wamesimama kimya kwenye kona ya ua wangu, kati ya pipa na ukuta. Hakuna aliyejeruhiwa, hakuna unyoya uliodondoka. Jike alikuwa amelala chini mbele yao, kidevu mchangani, macho hayapepesi, na kuku mmoja akithubutu kusogeza mguu yeye anasogeza bega kidogo tu, kuku anarudi. Aliwachukua kwao akawaleta kwetu kama anayepeleka kundi zizini. Bibi alikuja, akaangalia muda mrefu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu mbwa wako kasomea wapi uaskari?" Nilicheka. Alipoona kuku hawatagi siku mbili zilizofuata, hakucheka yeye.

Atafanya hivyohivyo kwa watoto wanaokimbia, baiskeli na bodaboda, na pengine atabana visigino kwa meno. Hana hasira, anakusanya. Lakini mzazi wa mtoto aliyebanwa kisigino hatataka kusikia habari za Uskoti. Kwa hiyo uzio uwe tayari, usio na mwanya wa kupitisha kichwa, na kazi iwe tayari pia. Koli akifungwa mnyororo kutwa nzima kama tunavyofunga mbwa wa ulinzi, atabweka mpaka sauti ikauke, kisha atazunguka palepale mpaka achimbe mfereji. Mimi nilinunua mbuzi watatu. Nilimfundisha dume maneno manne, kulia, kushoto, lala na basi, na kila jioni anawatoa kwenye majani nyuma ya nyumba anawaingiza bandani. Huna nafasi ya mbuzi, mpe kazi ya kichwa: mfiche ndala, mtume akatafute, mtajie kitu akilete. Huko Marekani koli mmoja wa mpakani aliyeitwa Chaser alijifunza majina ya vitu 1,022. Wangu anajua kumi na vitatu, na ndoo nyekundu bado anaichanganya na beseni.

Kuhusu majirani kuna jambo zito kuliko kuku. Huku pwani wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa pamoja na mwili wake uliolowa ni najisi; chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Usisubiri ulalamikiwe. Kabla ya mbwa kufika nenda nyumba kwa nyumba, piga hodi, kaa kibarazani, uwaeleze unaleta nini na utawazuiaje. Vyombo vya mbwa viwe vya rangi moja isiyotumika jikoni. Kamba ya nguo iwe juu na mbali, maana koli aliyetoka kuogeshwa akijikung'uta, matone hufika mbali kuliko unavyodhani, na kanga ya kuswalia ya mtu itarudi kufuliwa. Kwangu mbwa hawakanyagi kibaraza cha mbele kabisa, wageni wanalijua hilo na wanakuja kwa amani. Bibi yuleyule sasa hunitumia vichwa vya samaki kwa ajili yao, ila huvitupia juu ya uzio, mkono wake usikaribie.

Sasa nisome kwa makini hapa, hata kama mengine utayaruka.

Koli wengi, hasa hawa wa manyoya marefu na wenzao wa manyoya mafupi, wana hitilafu ya kurithi katika jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa MDR1. Jeni hiyo kwa kawaida husukuma baadhi ya dawa zisiingie kwenye ubongo. Ikiwa na hitilafu, mlango unabaki wazi. Hitilafu yenyewe ilitambuliwa mwaka 2001, na kwa koli wa aina hizo hukutwa kwa karibu saba katika kila kumi. Dawa inayojulikana zaidi kwa kuwaumiza ni aivamektini, ileile iliyojaa kwenye kila duka la dawa za mifugo kuanzia Mtwara mpaka Lindi, anayodungwa ng'ombe kwa minyoo na mbwa wa mtaani kwa upele.

Dume wangu alishikwa na kupe masikioni. Mtu niliyemwita alikuwa na nia njema na uzoefu wa miaka. Alipima sawasawa na maandishi ya chupa, mililita 1 kwa kilo 50, akavuta nusu mililita kwa kilo zake 25. Kwa mbwa wa kawaida hicho ni kipimo kisicho na neno. Magharibi dume alianza kudondosha mate. Saa mbili usiku aliuendea mlango akaukosa, akagonga fremu kwa paji la uso. Mboni zake zilikuwa zimefunguka kama za paka gizani na hazikufuata tochi. Alilala siku tatu. Hakuna dawa ya kuitoa ile, kinachobaki ni dripu, kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache, na kumlowesha ulimi. Siku ya nne aliinua kichwa aliposikia maji yakimwagwa kwenye gunia.

Basi kabla ya lolote, mtafute daktari wa mifugo, umkute mkiwa na utulivu, umwambie kwa mdomo wako kwamba hawa ni koli na hawadungwi aivamektini. Kupima jeni hiyo ni mpaka sampuli isafirishwe mbali. Rahisi zaidi ni kumhesabu kila koli kuwa ana hitilafu hiyo. Loperamaidi, kile kidonge cha kuzuia kuhara tunachonunua famasi, nacho usimpe. Mbuzi wako wakidungwa dawa hiyo, wafunge mbali na uzoe kinyesi chao, kwa sababu watoto wa mbwa hula samadi na dawa hutoka humo. Kwa kupe zipo dawa nyingine, kama matone ya fipronili ya mgongoni, na vipo vidole vyako jioni ukiwa na kikopo cha mafuta ya taa pembeni.

Kusini kuna vitu vyake pia. Kuanzia mwezi wa sita watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na manyoya marefu hubeba unga wa salfa hiyo mpaka ndani, macho yakawasha. Siku za kupuliza wafungie. Korosho mbichi yenye ganda ina mafuta yanayobabua, na mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna chochote. Mabibo yaliyooza chini ya mti nayo yazolewe. Ukiwapeleka ufukweni, Msangamkuu au Mikindani, tangulia kuangalia bunju waliotupwa na wavuvi. Sumu ya samaki yule huua mbwa kama inavyoua mtu. Na ngoma za unyago zikianza, ujue koli ana masikio mepesi kuliko mtaa mzima. Jike wangu usiku huo hulala bafuni, nami namwachia.

Chakula sitakisemea sana: dona, dagaa waliooshwa chumvi, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, mboga kidogo. Kitunguu kisiingie. Vyakula vya mifuko na chanjo nyingi hutoka Dar es Salaam kwa barabara moja. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mvua ilikata barabara hiyo upande wa Kilwa, eneo la Somanga, na rafu za dukani zikaonyesha mbao. Tangu hapo naweka akiba ya mwezi, kwenye pipa lenye mfuniko, pamoja na dripu mbili.

Watoto ndio wanaogeuza mbwa wawili kuwa familia. Jike hushika joto karibu mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63 hivi, na baba hajui kwamba yule jike mdogo ni binti yake. Amua mapema nani atahasiwa na lini, na banda la pili liwe na kufuli. Kama wote wawili wana rangi ile ya kijivu yenye mabaka kama marumaru, wasipandane kabisa: kati ya watoto wanne mmoja anaweza kurithi rangi hiyo pande zote mbili, na hao mara nyingi huzaliwa viziwi au vipofu. Chanjo za watoto huanza wiki ya sita hadi ya nane, zikarudiwa mpaka wiki ya kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa hufuata wakitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kabla ya kulipia, uliza friji ya chanjo ilikuwaje umeme ulipokatika usiku uliopita. Ukijibiwa kwa mkato, nenda kwingine.

Wangu walizaliwa watano. Wawili wamekwenda Newala, huko juu Makonde ambako usiku kuna kibaridi, na aliyewachukua ana mbuzi wa kutosha. Kibali cha kuwasafirisha na kadi za chanjo nilimkabidhi mkononi, na nyuma ya kila kadi nimeandika kwa kalamu nene nyekundu: HUYU NI KOLI, ASIDUNGWE AIVAMEKTINI. Juzi alipiga simu kuuliza kama wino huo unaogopa maji, maana mbwa mmoja keshailamba kadi yake. Nimemwambia aniletee nyingine niandike upya.