Kabla Hujaenda Kumchanjia Jirani Kuni: Mambo ya Kuzingatia

Jirani akikuita umsaidie kuchanja kuni, mwitikie. Lakini siku hiyo usiende na shoka. Nenda mikono mitupu, ukalione gogo kwanza. Kuni laini hakuna anayeziombea msaada. Ukiona mama mtu mzima amevuka uchochoro kuja kukubishia hodi, jua gogo hilo limeshawashinda vijana wa kwake.

Uliza mambo matatu: ni mti gani, umekatwa lini, na kuni ni za kupikia nini.

Mti gani, kwa sababu hapa Mombasa kila mti una ukaidi wake. Mvinje ukikauka ni kama chuma. Ndiyo miti iliyooteshwa kwenye machimbo ya Bamburi kuanzia 1971, pahali ambapo miti mingi iliyojaribiwa haikudumu, nayo ikadumu. Mvinje uchanjwe ungali mbichi, ndiyo maana unauliza umekatwa lini, na hata huo ubichi wake hauuzuii kuwaka. Mwarubaini, ambao wengine huuita mkilifi, nyuzi zake zimepishana. Shoka huingia likabanwa, halitoki wala haliendi. Mwembe una mafundo na panda, na utomvu wake huwasha ngozi za wengine. Shina la mnazi liache kabisa, tumia makumbi na vifuu. Ukiona mnyaa umechanganyika humo, utoe kando kwa uangalifu, maana maziwa yake yakiingia machoni ni hatari. Na ukikuta ni mikoko, uliza kibali kiko wapi. Kama hakipo, rudi nyumbani.

Za kupikia nini, kwa sababu watu huchanja kuni za harusi kama za kuchemshia chai. Mpishi wa pilau anataka vipande vinene vinavyokaa na kuacha makaa ya maana, kwa kuwa makaa hayohayo ndiyo atakayoyapalia juu ya mfuniko. Ukimletea vibanzi, moto utaruka na kuzima, na mchele utabaki na viini. Muulize mpishi mwenyewe, usimuulize mwenye harusi.

Ukitoka hapo nenda kwako ukatazame shoka lako. Usitegemee la mwenyeji. Mipini ya huku huchezewa na hewa: mwezi wa Mei mvua zikinyesha mti hujaa maji na kichwa kikakaza, kisha kaskazi ikivuma mpini unasinyaa na kichwa kinalegea. Wengi hulitumbukiza shoka kwenye ndoo usiku kucha ili likaze. Linakaza kweli, kwa siku moja. Likikauka linalegea kuliko mwanzo, na safari hiyo linaweza kuchomoka ukiwa umeliinua. Piga kabari mpya kichwani, au badilisha mpini. Noa kwa tupa, kisha malizia kwa kinoo. Shoka butu huteleza juu ya fundo na kutafuta mguu.

Buti, si ndara. Suruali, si kikoi. Sindano ya pepopunda uwe umeshachomwa.

Sasa macho, na hapa naomba usinisome mbiombio.

Miaka kadhaa iliyopita, Kisauni, jirani yangu alikuwa anaoza binti yake. Zilibaki siku mbili. Uani kwake palikuwa na gogo la mwarubaini lililokaa tangu ukuta ulipojengwa, pana kama meza ya kahawa, na fundo katikati. Nilikwenda bila kulitazama kabla, kwa sababu aliniita mbele za watu nami nikasema "naja, bibi," nikafuatana naye. Kwangu nilikuwa na miwani ya fundi. Ilikuwa umbali wa nyumba nne.

Pigo la tano shoka likazama hadi karibu na kisogo, likanasa. Tulilitikisa, wapi. Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba, alilishika gogo lisibingirike. Mtu akaleta nyundo ya chuma ya waashi na shoka jingine, la mwenye nyumba, tulitumie kama kabari. Kisogo cha shoka hilo kilikuwa kimegongwa miaka mingi hata kingo zake zikachanua na kujikunja nje. Niliona. Nakumbuka wazi kwamba niliona. Lakini wanawake walikuwa wanatusubiri kuwasha mafiga ya kuchemshia maji, na nilikuwa mgeni kwenye ua wa watu, nikaona haya kusema gogo limenishinda, ngoja nirudi nyumbani kuchukua vifaa. Nikagonga.

Pigo la tatu sauti ilikuwa tofauti, kali na nyembamba. Kijana akapeleka mkono jichoni. Hakulia. Tulidhani ni kibanzi. Shangazi yake akamwagia maji, mwingine akataka kumpangusa kwa pindo la kanga. Nikamuuliza unaonaje, akaniambia, "Si kitu, mjomba, lawasha tu." Damu haikuonekana, na jicho lilikuwa jekundu kidogo, basi. Tukaendelea na kuni. Mimi ndiye niliyesema tuendelee.

Asubuhi yake aliamka anaona ukungu. Hospitalini wakampiga picha ya eksirei, na humo ikaonekana chembe ya chuma, ndogo kuliko punje ya mtama, iko ndani kabisa ya jicho. Alifanyiwa upasuaji ikatolewa. Leo jicho hilo linatofautisha mwangaza na kivuli, halisomi. Mimi na yeye tunasalimiana kila siku, hana kinyongo, na kila ninapomwona anageuza uso mzima ili anitazame kwa jicho moja najua ni kwa sababu ya nyumba nne ambazo sikutaka kuzirudia.

Kwa hiyo elewa jinsi linavyotokea. Chuma cha nyundo ni kigumu, na cha shoka vilevile. Vigumu viwili vikigongana, kimoja hubanduka, hasa pale kingo zilipochanua. Kipande kinaruka kwa kasi kubwa, tena ni kikali, kikatoboa jicho kwa tundu dogo ambalo pengine linajiziba. Ndiyo maana damu haitoki na maumivu ni machache. Kikiachwa ndani kinapata kutu, na kutu hiyo inaiharibu retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, polepole. Kukosa maumivu kusikufariji hata kidogo.

Kisogo cha shoka si nyundo wala si pa kupigwa nyundo. Kama utahitaji kabari, tafuta kabari hasa, ile ya chuma iliyotengenezwa ipigwe, na kingo zake zikianza kukunjika zikate kwa tupa kabla hujaitumia tena. Bora zaidi chonga kabari za mti mgumu na nyundo ya mti. Tawi nene la mvinje linatosha. Shoka likinasa, kandamiza mpini juu chini, si kushoto kulia, litaachia. Lisipoachia, tia ubao au kabari ya mti kwenye ufa ulio pembeni yake. Na miwani ivaliwe na kila aliye karibu, siyo mchanjaji peke yake. Aliyeumia kwetu hakuwa ameshika nyundo. Miwani ya jua haitoshi, nunua ile ya mafundi inayofunika hadi pembeni, maduka mengi ya vifaa vya ujenzi wanayo.

Likitokea licha ya hayo: asisugue, asikandamize, usimwagie maji wala usijaribu kutoa kitu. Funika jicho kwa kikombe safi cha karatasi kisichogusa mboni, kibandike kwa plasta, mwende saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho. Mwambieni daktari neno hili bila kuzunguka: chuma kiligongwa kwa chuma. Atajua atafute nini, na atajua asimpitishe kwenye MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwa sababu sumaku yake inaweza kukisogeza chuma kilicho ndani ya jicho.

Yaliyobaki ni mepesi. Chanjia juu ya kigogo kipana kinachofika chini kidogo ya goti, kisiwe juu ya saruji. Hata udongo wetu usikudanganye, chini yake ni jiwe la matumbawe, na shoka likipitiliza linapasuka ncha. Tafuta tairi kuukuu la gari, liweke juu ya kigogo, simamisha gogo ndani yake. Vipande havitaruka, na hakuna haja ya mtu kushika. Hapana, mtu asishike gogo kabisa, hata kwa mguu. Usianze katikati. Angalia ufa ulipo uufuate. Kama hakuna, banjua kutoka ukingoni, kipande baada ya kipande, ukizunguka hadi ufikie kiini. Fundo na panda ziachie msumeno, au mpe mpishi zikiwa nzima aziweke chini ya sufuria kubwa. Pia kagua misumari, hasa mti uliokuwa karibu na ua au uliofungiwa kamba ya nguo.

Watoto wawe mbali, na mbele na nyuma yako pawe peupe. Fanya kazi mapema baada ya alfajiri, kwani saa sita jasho linaingia machoni na mikono inateleza. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Ukichoka, weka shoka chini, hata kama bibi wa watu amesimama na chai mkononi anakutazama. Mwambie umechoka. Mwambie utarudi kesho. Kuni zilizorundikwa siku nyingi zigeuze kwa fimbo kwanza, kuna nge na tandu, na mara nyingine nyoka. Usiache shoka limesimama kwenye gogo usiku, watu hupita uani gizani kwenda chooni.