Kabla hujalipia mazoezi ya karate au judo

Usianze kwa kuuliza mtindo upi ni bora. Omba ukae pembeni utazame kipindi kizima, na umkazie macho mwanafunzi mpya kuliko wote. Je, kuna anayemrekebisha jinsi ya kusimama na kukunja ngumi, au kaachwa nyuma anaiga wenzake? Kwenye judo, anayeanza hufundishwa kwanza kuanguka salama; akirushwa kabla ya hapo, ondoka. Na mtu akipigapiga mkeka kuashiria amesalimu amri, mwenzake aachie papo hapo. Hilo halina mjadala. Mtindo wenyewe? Taekwondo ina mateke mengi, ndondi ni ngumi tu, judo ni kukamatana na kuangushana. Wakikubana usaini mkataba wa mwaka kabla hujajaribu, tafuta kwingine.