Kumvua sangara mkubwa kwa mshipi katika Ziwa Victoria

Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, anaweza kuzidi kilo 100, na kwa uzito huo nguvu za mikono peke yake hazitoshi.

Chambo ninachokiamini kuliko vyote ni kambare mdogo aliye hai. Kwa kuwa kambare hupumua pia hewa ya juu ya maji, hukaa muda mrefu kwenye ndoo bila kufa, na hata akishatungwa huendelea kujitikisa, jambo linalomvuta sangara, ambaye huwameza mawindo wazimawazima. Mtunge mgongoni, mbali na uti wa mgongo, kwani ukiuchoma atakufa upesi. Unapochagua ndoano, kumbuka kwamba namba inapopungua, ukubwa huongezeka.

Sangara hana meno ya kukata kama ya kibebe, samaki mwenye meno makali wa mto Rufiji, hivyo waya si lazima. Hata hivyo meno yake madogo yana ukwaruzo wa msasa, na kipande cha mwisho cha mshipi sharti kiwe kinene.

Mtafute jioni na usiku, karibu na miamba iliyozama na pale kina kinapobadilika ghafla. Majira nayo yana uzito wake: katika miezi ya mvua maji ya chini hupungukiwa oksijeni na sangara hupanda, kwa hiyo chambo kilichoshushwa hadi sakafuni hukaa bure; lakini Juni na Julai, upepo wa kusini mashariki unapoyachanganya maji, huweza kupatikana hata kwenye vina virefu.

Akishika, mwache ageuke kwanza, kisha vuta kwa uthabiti. Usizungushe mshipi mkononi kamwe. Ataruka na kutikisa kichwa, na hapo ndipo wengi humpoteza, kwani mshipi ukilegea kidogo tu ndoano huchomoka. Akifika ubavuni mwa mtumbwi, epuka kumshika kwenye vifuniko vya matamvua, ambavyo vina kingo kali.

Aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na mkubwa sana kwa kawaida ni jike mwenye mayai mengi mno. Anayetaka kumrudisha avue kwenye vina vifupi, kwa sababu sangara aliyetolewa kina kirefu huvimba kibofu cha hewa hadi tumbo likatokeza mdomoni, na hawezi kuzama tena.